Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mbele ya Picha Mbili za Haarlem

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa visiwani methali hii tunaielewa kwa tumbo kabla ya kuielewa kwa akili. Mgeni akibisha hodi, kuku aliyekuwa akihurumiwa huchinjwa, na watoto waliokuwa wakila wali mkavu nao hupata mchuzi. Lakini methali hii ina upande mwingine, na huo ndio ulionishughulisha tangu nilipozuru makumbusho ya sanaa ya mji wa Haarlem, huko Uholanzi. Je, picha nazo ni wenyeji? Zaweza kuugua kwa kukosa wa kuzitazama, kisha zikapona kwa kuja mgeni? Na mgeni huyo, akishaziponya, katika nyumba ile amemponya nani hasa?

Haarlem si mji mkubwa. Ukitoka Amsterdam kwa treni kuelekea magharibi, upande wa bahari, haichukui hata nusu saa kufika. Makumbusho yake yalifunguliwa na mji wenyewe mwaka 1862 katika vyumba vya jumba la baraza la mji, na mwaka 1913 yakahamishiwa katika nyumba kongwe ya mtaa wa Groot Heiligland. Yamepewa jina la Frans Hals, mchoraji aliyezaliwa Antwerp yapata mwaka 1582, akalelewa Haarlem, akafanya kazi humo maisha yake yote, na akafa humo mwaka 1666. Ni nyumba ya matofali, ya kimo cha chini, iliyouzunguka ua. Anayetoka katika majumba makubwa ya sanaa ya Amsterdam ataiona ndogo. Anayetoka Mji Mkongwe au Lamu ataiona kama nyumba aijuaye, kwa maana nayo huupa mtaa mgongo, na uso wake ikaufungulia ua.

Nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya sanaa. Ilianzishwa mwaka 1609 kuwa makao ya wazee wanaume. Kuuzunguka ua kulikuwa na vijumba 30, na kila kijumba kilikaliwa na wazee wawili. Mzee alitakiwa awe mkazi wa Haarlem, mwaminifu, asiye na mke, naye awe ametimiza miaka 60. Alitakiwa pia aje na vitu vyake mwenyewe: kitanda, kiti na mto wake, chombo cha bati cha haja ya usiku, mablanketi 3, mashati mazuri 6, na kofia 6 za kulalia. Lango lilifungwa saa 2 usiku wakati wa kiangazi, na saa 1 wakati wa baridi. Mara moja kwa juma wazee walikwenda kukusanya sadaka kwa kisanduku. Naomba msomaji aishike orodha hii ya vitu, tutairudia.

Mgeni anayeingia hupokewa kwanza na furaha. Mji wa Haarlem umehifadhi picha tano kubwa ambazo Hals aliwachora maafisa wa vikosi vya ulinzi wa mji, kuanzia mwaka 1616 hadi 1639. Aghalabu picha za kundi za zama zile zilipanga watu kama mikungu ya ndizi sokoni, kila uso umelipiwa na kila uso unadai haki yake. Hals aliwaketisha mezani. Mmoja amegeuka kana kwamba ameitwa, mwingine kisu chake kimesita juu ya nyama, wa tatu ameinua bilauri. Mishipi ya rangi imewakata vifua, kola nyeupe zimesimama kama povu la wimbi linalovunjika. Mgeni hujikuta anatabasamu. Ni kama aliyechungulia mlango wa nyumba yenye harusi, akakaribishwa kwa macho kabla hajakaribishwa kwa kauli.

Kisha hufika penye picha mbili za mwaka 1664, na tabasamu hutoweka.

Picha hizi ziliagizwa na wasimamizi wa nyumba ile ile ya wazee. Moja inaonyesha wasimamizi wanaume watano pamoja na mtumishi. Nyingine wasimamizi wanawake wanne pamoja na mhudumu. Kila moja ina upana wa karibu mita mbili na nusu. Hals wakati huo alikuwa amepita miaka 80. Hapana karamu tena, hapana bilauri wala mshipi wa rangi. Kuna weusi wa mavazi, weupe wa kola, na nyuso na mikono inayotoka gizani. Mkono wa mwanamke mmoja umelala wazi juu ya paja, na ukiusogelea huuoni mkono, unaona mapigo machache ya brashi ya mtu ambaye hakuwa tena na nafasi ya kupoteza. Ukirudi nyuma hatua tatu, mkono unarudi, na mishipa yake, na umri wake. Mwanamume mmoja kofia yake imekaa upande, nywele zake zimetimka, na macho yake hayatazami yanakopaswa kutazama.

Nilikaa katika chumba kile muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Macho hayana pazia, na baada ya kuzichoka picha niliwatazama waliozitazama. Wapo walioingia, wakasoma kibandiko, wakainua macho kuhakikisha kwamba picha inakubaliana na kibandiko, wakatoka. Wanafunzi waliichekea ile kofia. Mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya wale wanawake wanne akiwa ameupakata mkoba wake kwa mikono miwili, wala hakusoma chochote. Sikujua alichokiona. Nilichojua ni kwamba sote tulikuwa katika nyumba moja, na kila mmoja wetu alikuwa mgeni wa jambo tofauti.

Historia ya picha hizi, kwa hakika, ni historia ya wageni wake. Kwa muda mrefu baada ya kufa kwake Hals hakuhesabiwa miongoni mwa wakuu. Alisemwa kuwa mlevi, na brashi yake ikasemwa kuwa na haraka isiyo na adabu. Aliyemwinua zaidi alikuwa mhakiki Mfaransa Théophile Thoré, aliyeandika juu yake mwaka 1868. Baada ya hapo wachoraji wakamiminika. Manet alifika Haarlem mwaka 1872. Mmarekani John Singer Sargent alifika mwaka 1880, akanakili sehemu ya picha ya wale wanawake. Van Gogh, aliyeziona kazi za Hals huko Amsterdam mwaka 1885, alimwandikia nduguye kwamba mchoraji huyu alikuwa na nyeusi zisizopungua 27. Na Whistler alifika mwaka 1902, mzee na mgonjwa, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wasifu wake unasimulia kwamba alivuka kizuizi, akapandishwa juu ya kiti, akazipapasa nyuso za wale wanawake kwa vidole vyake, kama mtu anayewaaga jamaa.

Huu ndio uponyaji ninaousema. Picha zilezile, katika mji uleule, zilikuwa hoi, zikainuka kwa kutazamwa na watu wenye njaa ya kuziona. Makumbusho yenyewe yalilitambua jambo hili: mwaka 2018 yaliandaa maonyesho yaliyomweka Hals bega kwa bega na wachoraji wa karne ya 19 waliomfuata. Hapo methali yetu imetimia. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Lakini methali hiyo ina ndugu yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchoraji aliyekuja kujifunza nyeusi 27 alikuwa mgeni wa siku ya kwanza. Alikula, akashiba, akashukuru. Mhakiki ni mgeni wa siku ya tatu. Hana budi kulima. Na katika shamba hili, aliyelima kwa jembe zito alikuwa Mwingereza John Berger, mwaka 1972, katika kipindi cha televisheni na kitabu chake maarufu juu ya namna za kutazama.

Berger alimshika mwanahistoria wa sanaa Seymour Slive, ambaye ndiye aliyezichunguza kazi za Hals kwa kina kuliko wengi, akamshitaki kwamba anaficha. Kwa maoni yake, msomi akisema juu ya mpangilio, upatanifu na uzito wa rangi, anaifunika picha kwa pazia la maneno mazuri ili tusione jambo lililo wazi: mzee fukara anawatazama watu wenye mamlaka juu ya mafukara. Alikumbusha kwamba mchoraji yule, katika mwaka uleule wa picha, alipewa na mji mikokoteni mitatu ya udongo mkavu wa kinamasi, ule uchomwao badala ya kuni, asije akafa kwa baridi. Mchezo wa picha ile, kwa Berger, ni huo: fukara anajitahidi kutazama kwa haki, na haki hiyo ni ngumu.

Nilipokuwa kijana niliyapenda sana maneno hayo. Sasa nayaheshimu, lakini siyamezi bila kutafuna. Mosi, Hals hakuwahi kuwa mkazi wa nyumba ile. Hadithi inayosema kuwa alimalizia maisha yake humo ni uzushi wa masimulizi. Pili, msaada aliopewa, pamoja na posho ya gilda 200 kwa mwaka, ulitoka kwa wakuu wa mji. Haukutoka mifukoni mwa wasimamizi aliowachora. Wao walimpa kazi, na kumpa kazi mtu wa miaka 80 na ushei ni heshima kubwa kuliko kumpa sadaka. Tatu, yule mwenye kofia ya upande, ambaye vizazi na vizazi vya wageni vimemwita mlevi, huenda hakuwa mlevi hata kidogo: kofia za upande zilikuwa mtindo wa wakati huo, na wapo walioona katika uso wake dalili za kupooza. Tukimwita mlevi, tunamsingizia marehemu. Tukisema mchoraji alilipiza kisasi, tunamsingizia marehemu wa pili.

Slive naye ana haki yake. Mpangilio si pazia. Kwa mshairi wa pwani hili halihitaji ushahidi mrefu. Nani miongoni mwetu atakayekubali kuambiwa kwamba vina na mizani ni kifuniko cha maana? Mkono ule uliolala pajani unatuuma kwa sababu umewekwa pale ulipowekwa, baina ya giza na giza, kama neno lililosubiriwa hadi kituo cha beti. Ukiuondoa mpangilio, hubaki na ukweli mtupu. Unabaki na rangi.

Kwa hiyo mabwana wale wawili, pamoja na ugomvi wao, wanashirikiana katika jambo moja: wote wawili wanatazama waliomo. Mmoja anauliza wamechorwaje, mwingine anauliza wametazamwa kwa jicho gani. Mimi nilipokuwa nimekaa mle, jambo lililonijia lilikuwa jepesi, hata nikaona haya kwamba lilichelewa. Picha mbili za nyumba ya wazee, na wazee hawamo.

Wamo waliowasimamia. Yumo mtumishi wa wanaume, amesimama nyuma, hana kofia mbele ya wenye kofia. Yumo mhudumu wa wanawake, amesimama pembeni na ujumbe wake mkononi. Majina ya wasimamizi yanajulikana hata leo. Lakini mwenye kitanda na kiti na mto wake, mwenye mashati 6 na kofia 6 za kulalia, hayumo. Nyumba ilikuwa yake, na picha zilichorwa kwa sababu yeye yupo; pasingalikuwa na mzee, pasingalikuwa na msimamizi. Hata hivyo hakuna aliyemwita aje akae mbele ya mchoraji ambaye kwa umri alikuwa rika lake. Simlaumu Hals. Mchoraji alichora alichoagizwa. Nawalaumu zaidi wageni, nami nikiwamo, ambao kwa zaidi ya miaka 100 tumebishana juu ya kofia ya msimamizi bila kumuuliza mwenye nyumba aliko.

Nilitoka nikaingia uani. Palikuwa na vijia na majani yaliyokatwa vizuri, na kimya. Pale ndipo orodha ile iliponijia upya, kitu kimoja kimoja: kitanda, kiti na mto wake, chombo cha bati, mablanketi 3, mashati 6, kofia 6. Aliyeiandika hakukusudia ushairi. Aliandika masharti ya kuingilia. Lakini ndiyo picha pekee ya wazee wale niliyoondoka nayo Haarlem. Sita za kulalia! Mtu aliyefikiri kofia sita alifikiri usiku wa baridi, na kichwa cha upara, na siku ya kufua. Katika kila kofia kuna mzee.

Msomaji wa pwani, nadhani, ameshaona ninakoelekea, kwa kuwa orodha za vitu vya waliopita si ngeni kwetu. Takribani miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akatutembeza katika majumba ya Pate yaliyobomoka: taa zilizozimika, vidaka vilivyokuwa na vyombo vya kaure na sasa vina makinda ya ndege, kumbi zisizo na watu. Huo nao ni utembezi wa makumbusho, na hakuna makumbusho ya pwani yaliyoupita kwa uzito. Nimeusoma utenzi huo tangu utotoni, na kila mara nimewalilia matajiri wa Pate. Haarlem ilinirudisha kwake na swali jipya. Wamo pia mle wanaowapepea mabwana na kuwakanda hadi wapate usingizi. Wanasimama kama yule mtumishi asiye na kofia: wana mikono, hawana majina. Mshairi alikuwa akiionya nafsi yake juu ya ghururi ya dunia, na kwa kazi hiyo tajiri ndiye mfano wa kufaa, maana hakuna funzo la kuporomoka kwa aliyelala chini. Hoja hiyo naikubali. Lakini funzo likishapatikana, swali linabaki: waliolala chini watakumbukwa na utenzi gani?

Swali hili si la anasa kwetu Zanzibar. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho yetu, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Tulililia jumba, na lilistahili kuliliwa. Tulitaja nguzo zake, saa yake, milango yake iliyonakshiwa, taa zake za umeme ambazo watu walizistaajabia. Hiyo ndiyo orodha yetu, nasi tunaijua kwa moyo. Jumba likisimama tena na makumbusho yakirudi, wageni watapita tena, na watoto wetu watapita pamoja nao. Wataonyeshwa viti vya kifalme. Je, wataonyeshwa pia chano cha mwashi, kamba ya mchukuzi, kanga ya aliyefagia kumbi zile kabla ya alfajiri? Na wale wawili waliokufa chini ya kuta, watakuwa na mahali katika ukuta mpya?

Sisemi tuwatupe masultani nje, kama nisivyosema wasimamizi wa Haarlem wageuzwe uso ukutani. Picha zile mbili ni miongoni mwa kazi kuu za mkono wa binadamu, na atakayebahatika kufika mji ule asikose kuzitazama. Asogee ili aione rangi, kisha arudi nyuma ili auone mkono. Asiharakishe kumwita mtu mlevi. Aupime uzito wa nyeusi kwa nyeusi, kama apimavyo mizani ya shairi. Halafu, akishashiba, atoke uani na ahesabu: kitanda, kiti na mto, chombo cha bati, mablanketi matatu, mashati sita, kofia sita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile ya Haarlem wachoraji walikuja, picha zikapona. Wahakiki wakaja, hoja zikapona. Mwenyeji wa kwanza wa nyumba, mzee wa kijumba cha wawili aliyefungiwa lango saa 1 ya jioni ya baridi, bado anamngojea mgeni wake.